Vim isikuachie masalia kwenye seva
Ukihariri tovuti yako kwa Vim (programu ya kuhariri maandishi), kila faili lililo wazi lina pacha aliyejificha, yaani faili la muda la Vim, mfano .config.php.swp. Ukiwasha backup (nakala ya faili la kabla ya kuhifadhi), linabaki na config.php~. Ukipakia folda nzima kwa rsync (programu ya kunakili faili hadi seva), yote yanapanda, na seva isiyoitambua ~ kuwa PHP humwaga yaliyomo kwa anayelifungua, hadi nywila ya hifadhidata.

Anza kuunda folda kwa mkdir -p ~/.vim/muda (ukisahau utaona kosa E303), kisha kwenye .vimrc (faili la mipangilio ya Vim) andika:

set directory=~/.vim/muda//
set backupdir=~/.vim/muda//

Hiyo // ya mwisho usiiache: huingiza njia nzima kwenye jina, ili index.html za folda mbili zisigongane. Kwenye rsync ongeza --exclude='*~' --exclude='*.swp'. Yaliyokwisha kupanda yafute mwenyewe kwenye seva, exclude haiyagusi.