Jinsi ya kulinda mchoro wa pasteli za mafuta usichafuke

Kwanza tuelewane, pasteli za mafuta, vile vijiti laini vya rangi vya kuchorea, hazikauki kabisa, sio kama rangi ya mafuta ya kawaida, ndani yake kuna nta na mafuta yasiyokauka, kwa hiyo hata ukiuacha mchoro mwaka mzima ukipitisha kidole bado rangi inatoka. Ndo maana watu wanakimbilia vanishi. Sasa usije ukachukua ile vanishi ya mbao ya hadwea ukapaka na brashi, mimi nilifanya hivyo kwenye mchoro wa ngalawa, bluu ya bahari ikaburuzwa mpaka kwenye tanga jeupe, nikabaki natoa macho tu.

Tafuta spreyi iliyoandikwa kabisa kwamba ni ya pasteli za mafuta, Sennelier wanayo, wale Wafaransa waliomtengenezea mchoraji Picasso pasteli zake mwaka 1949. Ukimaliza kuchora uache siku kadhaa, gonga nyuma taratibu chenga zidondoke, halafu toka nje maana ile harufu si mchezo. Jaribu kwanza kwenye karatasi nyingine. Simama umbali kama sentimita 30, puliza kidogo kidogo huku mkono unatembea, acha ikauke, rudia mara mbili tatu hivi. Ukimwaga nyingi kwa mkupuo inatengeneza matone.

Ila spreyi inapunguza tu kuchafuka, kinga yenyewe ni fremu ya kioo, na kioo kisiguse rangi, zungushia kadibodi nene pembeni ibaki nafasi. Usiutundike panapopigwa jua, joto linalainisha nta.