Namna ya Kupima Shughuli za Mwili kwa Mzee Mwenye Ugonjwa wa Vali ya Moyo

Mzee ambaye vali yake ya aota, yaani mlango wa moyo unaopitisha damu kwenda mwilini, imesinyaa anaweza kumwambia daktari, tena kwa ukweli kabisa, kwamba hahemi wala kifua hakimbani, kwa sababu kidogo kidogo ameacha kila shughuli iliyokuwa ikimfanya aheme. Kwa hiyo mimi huanza kupima kwa kutafuta alichokiacha, kisha ndipo nashika kifaa.

Hatua ya kwanza ni mahojiano. Swali la kama anafanya mazoezi halisaidii, maana wengi hujibu "kidogo" na mazungumzo yanaishia hapo. Muulize: "Mzee wangu, mwaka jana wakati kama huu ulikuwa unafanya nini ambacho sasa hukifanyi?" Muulize pia kama kwenye ngazi hupumzika katikati, na ni nani siku hizi anayebeba vitu vizito. Akisema "ni uzee tu", liandike jibu hilo kama lilivyo, lakini usilipokee kama maelezo, na ikiwezekana msikilize mtu anayeishi naye. Baada ya hapo tumia dodoso lililotungwa kwa ajili ya wazee, kama vile PASE (Physical Activity Scale for the Elderly), ambalo huuliza kuhusu siku 7 zilizopita na kuhesabu kazi za nyumbani, bustani na kumhudumia mtu mwingine. Madodoso ya vijana hupitwa na mambo hayo.

Hatua ya pili ni kasi ya kutembea. Pima mita 5 kwenye sakafu tambarare, mwache aanze nyuma kidogo ya mstari, atembee mwendo wake wa kawaida, na mkongojo wake akiwa nao. Akitumia zaidi ya sekunde 6, mwendo wake ni wa polepole. Kifua kikimbana au akishikwa na kizunguzungu, simamisha kipimo mara moja. Na aliyewahi kuzimia aonwe kwanza na daktari.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo yenye mitego mingi, ni kumvalisha aksileromita, yaani kifaa kidogo kinachorekodi mitikisiko ya mwili. Kifaa cha kiunoni huweza kukosa hatua za mtu anayeburuza miguu, na cha mkononi hudanganyika mkono unaposhika kigari cha kutembelea, kwa kuwa mkono hautikisiki. Kabla hajaondoka nacho, tembea naye huku ukihesabu hatua 100 kwa macho, kisha linganisha na namba ya kifaa. Tofauti ikiwa kubwa, badilisha mahali pa kukivaa. Ukitaka kujua anakaa kwa muda gani na anasimama kwa muda gani, kifaa cha kwenye paja ndicho bora. Akivae siku 7. Kwa kawaida siku huhesabiwa ikiwa amekivaa angalau saa 10, na siku 4 za namna hiyo hutosha. Mpe na shajara ndogo ya kuandika alipokivua, alipolala mchana, na siku alizokunywa dawa ya kuongeza mkojo, kwani siku hizo wengi hawaendi mbali na choo.

Hatua ya nne ni kusoma matokeo. Kifaa huhesabu mitikisiko ya kila dakika, na kiwango maarufu cha hesabu 1,952 kwa dakika kiunoni, kinachotumika kutambua shughuli ya wastani, kilitokana na vijana. Kwa wazee kimependekezwa 1,041. Ukitumia cha kwanza, mzee aliyejitahidi wiki nzima ataonekana hakufanya lolote. Mapigo ya moyo nayo yasikupe uhakika wa haraka: dawa za kuzuia beta (beta-blockers) huyashusha, na moyo unaodunda bila mpangilio huvuruga usomaji wa saa ya mkononi.

Vali ikishabadilishwa na jeraha likapona, rudia kipimo kwa kifaa kilekile, mahali palepale mwilini. Hatua zikiwa hazijaongezeka ilhali vali inafanya kazi vizuri, chunguza nguvu za miguu na hofu ya kuanguka, kisha mpeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia akiwa na shajara zote mbili.