Mbwa anayejikuna kila msimu wa mvua: mtulize kwa mpangilio huu

Vuli ikianza Oktoba, na tena masika ya Machi hadi Mei, majani huota hadi kwenye nyufa za mawe ya Bwiru na Capri Point. Mbwa wengi wa Mwanza huanza hapo kujilamba nyayo mpaka manyoya yanakuwa na rangi ya kutu. Wenye mbwa hukimbilia sindano ya steroidi inayokaa mwilini muda mrefu. Muwasho hutulia siku ya pili, hukaa kimya wiki chache, kisha hurudi palepale kwa sababu chanzo hakikuguswa. Sindano hiyo isiwe mwanzo wa matibabu. Anza hivi.

Hatua ya 1: Tazama anapojikuna

Aleji ya chavua, vumbi na ukungu hukaa kwenye nyayo, kuzunguka macho na mdomo, masikioni, makwapani na tumboni. Mara nyingi huanza mbwa akiwa na umri wa miezi 6 hadi miaka 3. Akijitafuna kiuno na shina la mkia, mara nyingi hao ni viroboto. Kingo za masikio na viwiko vikinyonyoka, shuku upele wa utitiri, wadudu wadogo wanaochimba ngozi: sugua ukingo wa sikio kwa vidole, na mguu wa nyuma ukianza kukuna hewani wenyewe, mpeleke akakwanguliwe ngozi ipimwe, hasa kama na watu wa nyumbani wana vipele. Andika tarehe muwasho ulipoanza kwenye kalenda ya ukutani.

Hatua ya 2: Maliza viroboto kwanza

Hapa ndipo miezi hupotea. Mbwa mwenye aleji ya mate ya kiroboto hahitaji viroboto mia. Kuumwa mara chache kunatosha kumkunisha kwa siku kadhaa. Na kwa jinsi anavyojitafuna, huwameza walewale waliomuuma. Ndiyo maana mtu hupekua manyoya, hakuti kitu, akaapa kwamba mbwa wake ni msafi.

Usiamini macho. Chukua chanuo lenye meno yaliyobanana, chana kiunoni mpaka kwenye shina la mkia, kisha kung'utia uchafu juu ya karatasi nyeupe ya chooni iliyoloweshwa. Punje nyeusi zikivujisha wekundu wa kahawia, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu iliyosagwa. Zikibaki nyeusi, ni udongo tu.

Hata usipoona kitu, tibu. Joto letu la kando ya ziwa halina mwezi wa kuwapumzisha viroboto. Dawa ninayoipendekeza kuliko zote ni kidonge cha afoksolana, cha kila mwezi, au cha fluralana, kinachodumu kama wiki 12. Havitoki kwa kuogeshwa, na hilo ni muhimu kwa hatua inayofuata. Bei yake inauma, na mbwa mwenye kifafa asipewe bila daktari wa mifugo. Asiyeimudu atumie dawa ya kumwagia shingoni yenye fiproni kila mwezi, bila kumwogesha siku mbili kabla na siku mbili baada.

Sasa tahadhari. Amitrazi ya kuogeshea ng'ombe ni nzuri kwa kupe, lakini kwa viroboto ni dhaifu. Wengi humwogesha nayo mbwa wakadhani kazi imekwisha. Dawa za jamii ya permetrini na sipametrini huua viroboto, na huua paka pia, kwa hiyo kama paka analala na mbwa, ziache dukani. Ivamektini ya ng'ombe ina miligramu 10 kwa kila mililita, hivyo kosa dogo kwenye bomba la sindano ni dozi kubwa mno kwa mbwa mdogo, na mbwa wa kuchunga kondoo aina ya collie na jamaa zake wanaweza kufa hata kwa dozi ambayo wengine huihimili. Oili chafu ya gari usiipake kabisa. Inaunguza ngozi, na mbwa akijilamba inaingia tumboni.

Tibu mbwa na paka wote wa uani siku hiyohiyo, kila mmoja kwa dawa ya aina yake. Choma magunia ya zamani anayolalia, chemsha matambara, fagia banda mpaka kwenye nyufa. Kiroboto mchanga hujifungia kwenye kifuko ambacho dawa haipenyi, kwa hiyo ukiona wapya wiki ya tatu usiseme dawa ni feki. Endelea miezi mitatu.

Hatua ya 3: Mwogeshe, na uhesabu dakika

Mara moja au mbili kwa wiki wakati wa msimu. Maji yawe ya uvuguvugu au baridi, maana maji ya moto huamsha muwasho. Sabuni ya mche na sabuni ya unga huikausha ngozi na kuiacha wazi kwa bakteria. Nunua shampuu ya mbwa, na kama ananuka uvundo au ngozi ina mafuta, chagua yenye klorheksidini na mikonazoli, kwa sababu hapo fangasi wameshaingia.

Kinachoharibu kazi ni haraka. Povu la dawa likae dakika 10 za kuhesabu kwenye saa, si kwa kukisia. Anzia nyayoni na tumboni, umalizie mgongoni, ili sehemu zinazowasha zipate muda mrefu zaidi. Suuza mpaka maji yatoke safi, kisha kausha katikati ya vidole na ndani ya makwapa kwa taulo. Unyevu ukibaki hapo unalisha fangasi. Usimwogeshee ziwani: anayemshika anajitafutia kichocho.

Hatua ya 4: Nyayo kila akirudi

Akitoka nje, mchovye nyayo kwenye beseni la maji dakika moja, kisha kausha.

Hatua ya 5: Vidonge

Mpime: panda naye kwenye mizani, kisha panda peke yako, utoe tofauti. Setirizini, dawa ya aleji, ni miligramu 1 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Mbwa wa kilo 10 hupewa kidonge kimoja cha miligramu 10. Husaidia baadhi ya mbwa tu, tena kiasi, na hufanya kazi vizuri ikianzishwa kabla muwasho haujapamba. Ijaribu siku 14. Soma boksi: ikiwa imechanganywa na sudoefedrini, dawa ya kuzibua pua, rudisha, maana hiyo inaweza kumuua. Ibuprofeni, diklofenaki na parasetamoli usimpe. Mwenye mimba au ugonjwa wa figo au ini aanzie kwa daktari.

Ikibidi steroidi, omba prednisoloni ya vidonge, kwa sababu dozi yake inapunguzwa taratibu. Sindano ikishaingia haitolewi. Prednisoloni nayo usiikatishe ghafla. Oklasitinibu, kidonge cha muwasho kisicho steroidi, ni bora zaidi kwa mbwa wengi, kwani haileti kiu na njaa ya steroidi, lakini ni ghali na si kila duka linayo.

Hatua ya 6: Kama muwasho haukomi hata kiangazi

Fikiria chakula. Jaribio ni wiki 8 za nyama moja ambayo hajawahi kula, na kwetu hapo dagaa na mapanki (mabaki ya samaki kutoka viwandani) vimeshajitoa, maana ni nadra mbwa wa Mwanza asiyevijua. Mbuzi na viazi vitamu hufaa kama ni vigeni kwake. Kipande kimoja cha samaki kutoka kwa jirani, unaanza kuhesabu upya.

Uso ukivimba ghafla au akapumua kwa shida, mpeleke kwa daktari saa hiyohiyo.