Somo: Namna ya Kuandika Makala ya Jarida la Sayansi na Diplomasia

Nimepitia rasimu nyingi za makala za aina hii, na karibu zote zinaugua ugonjwa mmoja. Zinaanza kwa kusema sayansi haina mipaka, zinataja watafiti wa nchi mbili zenye uhasama waliofanya kazi pamoja, kisha zinaishia hapo. Msomaji wa jarida hili ni mtafiti, balozi au ofisa wa wizara ya mambo ya nje. Anachotaka kujua ni kipimo gani kiliwafanya wajumbe wakubali jambo walilokuwa wakilikataa, na kipimo hicho kimekaa wapi katika maandishi waliyotia saini.

Hatua ya 1: Jua unaandika kuhusu uhusiano upi

Mwaka 2010 jumuiya mbili za wanasayansi, Royal Society ya Uingereza na AAAS ya Marekani, zilitoa ripoti iliyogawa uwanja huu mara tatu. Kuna sayansi ndani ya diplomasia, yaani wataalamu wakiwapa wajumbe ushahidi, kama jopo la tabianchi la IPCC lililoundwa mwaka 1988. Kuna diplomasia kwa ajili ya sayansi: mtambo wa ITER, wa kujaribu nishati ya muungano wa nyuklia, usingejengwa bila makubaliano yaliyotiwa saini na pande 7 mwaka 2006. Na kuna sayansi kwa ajili ya diplomasia, pale maabara inapokuwa mahali pa kukutana kwa watu ambao serikali zao hazielewani. Chagua mmoja uwe uti wa mgongo wa makala. Mingine itajitokeza yenyewe.

Hatua ya 2: Anza na kifungu

Usianze na mkutano wala picha ya pamoja. Fungua maandishi ya mkataba utafute mahali sayansi ilipopewa kazi. Katika Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua, ni kifungu cha 6: kuanzia mwaka 1990, na angalau kila baada ya miaka minne, nchi wanachama zipime upya hatua zao kwa kufuata ujuzi uliopo wa kisayansi, kimazingira, kiufundi na kiuchumi. Mistari michache tu, lakini makala nzima inaweza kutoka humo.

Hatua ya 3: Rudi nyuma hadi kwenye kipimo

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo usiharakishe. Chora safu mbili kwenye karatasi: upande mmoja tarehe za maabara, upande wa pili tarehe za mezani. Tuendelee na ozoni.

Mwaka 1974 Molina na Rowland walieleza kwamba klorofluorokaboni, kemikali za majokofu na makopo ya kupulizia, zingeweza kuharibu tabaka la ozoni. Machi 1985 ukatiwa saini Mkataba wa Vienna, usioilazimisha nchi yoyote kupunguza chochote. Miezi miwili baadaye Farman, Gardiner na Shanklin wakachapisha vipimo vilivyochukuliwa kutoka ardhini Antaktika: kila majira ya kuchipua ya huko, ozoni ilikuwa ikiporomoka, hali inayoitwa tundu la ozoni. Itifaki yenyewe ilitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987.

Watu wengi huandika kwamba tundu lilionekana, dunia ikashtuka, ikatia saini. Ukiziangalia safu zako mbili utaona mambo hayakwenda hivyo. Wakati wajumbe wanakaa Montreal, chanzo cha tundu kilikuwa bado kinabishaniwa. Ndege za utafiti zilizoruka kutoka Punta Arenas, Chile, kutafuta jibu zilikuwa kazini mwezi huohuo. Wajumbe walikubaliana kabla ya uhakika. Ndiyo maana nchi zilizoendelea zilikubali kwanza kupunguza matumizi ya kemikali hizo kwa nusu tu, na ndiyo maana kifungu cha 6 kina uzito: kiliacha mlango wazi. London, mwaka 1990, nusu ikawa kusitisha kabisa ifikapo 2000. Copenhagen, mwaka 1992, tarehe ikavutwa hadi 1996. Mimi naamini somo kubwa la ozoni limo katika mlango huo.

Hatua ya 4: Andika pia kipimo kilichoshindwa

Mkataba wa mwaka 1963 ulipiga marufuku majaribio ya nyuklia angani, anga za juu na chini ya maji. Chini ya ardhi yaliachwa. Kwa nini? Vyombo vya kupima mitetemo vya wakati ule havikuweza kila mara kutofautisha mlipuko na tetemeko dogo, kwa hiyo Marekani ilitaka wakaguzi waende kuona wenyewe. Ilishuka hadi ukaguzi 7 kwa mwaka, Wasovieti wakakubali 2 au 3, na pengo hilo halikuzibika. Shaka ya kitaalamu ikaamua umbo la mkataba. Makala yenye kisa kama hiki huaminika kuliko yenye ushindi mtupu.

Hatua ya 5: Sema nani alilipa

Aya moja yatosha. Maabara ya SESAME nchini Jordan, yenye mashine ya kutoa miale mikali ya kuchunguzia vitu na iliyozinduliwa mwaka 2017, ina Iran, Israel, Palestina, Misri na Pakistan miongoni mwa wanachama. Inastahili kusifiwa, lakini iliwezekana pia kwa sababu Ujerumani ilitoa sehemu za mashine yake ya zamani ya Berlin, na Umoja wa Ulaya ukagharimia sumaku kupitia CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, mimi nasoma biolojia na sijawahi kukanyaga ubalozi. Naweza kuandika?

Jibu: Andika, tena una faida. Mwaka 1959 chanjo ya polio ya Mmarekani Sabin ilijaribiwa kwa mamilioni ya watu katika Umoja wa Kisovieti, kazi ikiongozwa na Chumakov. Mwanahistoria atasema ni urafiki wakati wa Vita Baridi. Wewe utaeleza kwamba Marekani watoto wengi walikuwa wamekwisha kupata chanjo ya polio ya awali, ya Salk, hivyo jaribio kubwa lingetoa majibu yasiyosomeka. Sababu hiyo ni ya kibiolojia, na ndiyo iliyofungua njia.

Swali: Je, nchi inapokataa kushirikiana, hilo nalo ni mada?

Jibu: Ni mada nzuri sana. Mwaka 2007 Indonesia iligoma kutoa sampuli za homa ya ndege ya H5N1, ikilalamika kwamba zinatengenezewa chanjo ambazo watu wake hawataweza kuzinunua. Kutokana na mgogoro huo, mwaka 2011 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani (WHO) zilipitisha utaratibu unaowataka watengenezaji wanaonufaika na mtandao wa WHO wa kugawana sampuli za mafua wachangie kila mwaka. Usiiandike Indonesia kama mkaidi. Soma hoja yake kwanza.

Swali: Shikamoo mwalimu. Kutia saini na kuridhia kuna tofauti gani? Nimeona vinachanganywa.

Jibu: Marahaba. Saini inaonyesha nia, na kuridhia ndiko kunakoifunga nchi. Itifaki ya Montreal ilisainiwa 1987 ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1989. Mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia ulifunguliwa kwa saini mwaka 1996 na haujaanza kutumika, kwa kuwa unahitaji nchi 44 zilizotajwa ziuridhie zote. Hata hivyo vituo vyake vya kupimia vilijengwa na vinafanya kazi: Oktoba 2006 vilinasa jaribio la Korea Kaskazini. Mkataba bado unasubiri, vyombo vyake vinasikiliza. Kama natafuta mada leo, ningeanzia hapo.