Kuunganisha barua pepe ya chuo na Thunderbird

Anayenijia na kilio cha "inakataa nenosiri" huwa namwuliza swali moja kabla sijagusa kompyuta yake: barua za chuo chenu zinakaa kwa nani? Wengi hubaki wananitazama. Anwani inaishia na jina la chuo, basi wanaamini seva, yaani kompyuta inayotunza barua, nayo iko chuoni. Siku hizi vyuo vingi vimehamishia barua zao Google au Microsoft, na karibu kila utakachojaza kinategemea jibu la swali hilo.

Kujua ni rahisi. Ingia kwenye barua zako kwa kivinjari kama kawaida, kisha soma anwani iliyo juu ya ukurasa. Ukiona mail.google.com, uko kwa Google, hata kama nembo pembeni ni ya chuo. Ukiona neno outlook, uko kwa Microsoft. Ukiona jina la chuo chenyewe, huenda chuo kina seva yake. Waombe watu wa TEHAMA majina mawili, la seva ya kupokea na la seva ya kutuma. Usikisie.

Mimi natumia Thunderbird, programu ya kusoma na kutuma barua pepe, kwa sababu ni ya bure, na inakubali Windows, Mac na Linux. Tangu 2024 ipo ya Android pia. Ongeza akaunti mpya, andika jina lako kamili (msimamizi wako wa utafiti atalisoma hilohilo, kwa hiyo majina ya utani yaache), kisha anwani yako ya chuo. Programu itatafuta mipangilio yenyewe na mara nyingi itaipata. Ikishindwa, jaza kwa mkono:

Kupokea: IMAP, seva imap.gmail.com kwa Google au outlook.office365.com kwa Microsoft, poti 993, usalama SSL/TLS.
Kutuma: SMTP, seva smtp.gmail.com au smtp.office365.com, poti 587, usalama STARTTLS.

POP ikijitokeza kama chaguo, iruke. POP hushusha barua kwenye kompyuta, na isipoambiwa vinginevyo yaweza kuzifuta kwenye seva. Nimeona mhadhiri akitafuta kwenye simu barua za muhula mzima, kumbe zote zimekaa kwenye kompyuta moja ofisini. IMAP huziacha kwenye seva. Ukisoma barua kwenye simu, kompyuta nayo inajua imesomwa.

Sasa tufike panapokwamisha watu: njia ya uthibitishaji. Kwa Google na Microsoft chagua OAuth2, yaani kuingia kupitia ukurasa wao wenyewe. Ile njia ya zamani ya kuipa programu nenosiri lako iihifadhi, Microsoft walianza kuifunga moja kwa moja Oktoba 2022, na Google nao wameiacha. Ndiyo maana nenosiri linaloingia vizuri kwenye kivinjari linakataliwa kwenye programu. Unaweza kulibadilisha mara ngapi upendavyo, halitakubaliwa. Ukichagua OAuth2, kitafunguka kidirisha chenye ukurasa uleule wa kuingilia unaoufahamu. Weka nenosiri humo, weka na namba ya uhakiki inayokuja kwenye simu, kisha ikubalie Thunderbird isome na kutuma barua. Kidirisha kikibaki cheupe au kikizunguka bila kwisha, angalia kwenye mipangilio ya faragha ya Thunderbird kama umezuia vidakuzi (cookies). Kikikwambia inatakiwa idhini ya msimamizi, hapo umefika mwisho wa uwezo wako: chuo ndicho kinachopaswa kuiruhusu programu. Waandikie, uwatajie Thunderbird kwa jina.

Jina la mtumiaji nalo lina mtego. Vyuo vingine humpa mwanafunzi anwani mbili, moja yenye jina lake na nyingine yenye namba ya usajili. Kwenye sehemu ya jina la mtumiaji weka ile unayoingilia kwenye kivinjari, nzima pamoja na alama ya @, hata kama watu wanakuandikia kwa ile nyingine.

Barua zikiingia lakini kutuma kukagoma, usifute akaunti uanze upya. Kutuma kuna mipangilio yake peke yake, na mara nyingi utakuta huko bado imeandikwa nenosiri la kawaida wakati kupokea umeshaweka OAuth2. Badilisha, jaribu tena. Ikigoma bado, na uko kwa Microsoft, inawezekana chuo kimeizima SMTP kwa akaunti zake. Hilo nalo ni la TEHAMA.

Kwa mwenye bando dogo: Thunderbird kwa kawaida hushusha barua zote, na miaka minne ya viambatisho si mchezo. Ingia mipangilio ya akaunti, sehemu ya usawazishaji, uiambie ishushe za siku 30 za karibuni tu. Walio kwa Google waondoe pia tiki kwenye folda ya barua zote, maana humo kila barua inajirudia.

Mwisho jitumie barua yenye kiambatisho, kisha fungua kivinjari uangalie kama imo kwenye zilizotumwa. Isipokuwemo, nenda kwenye mipangilio ya nakala na folda, uchague folda ya zilizotumwa iliyo chini ya akaunti ya chuo badala ya ile ya kompyuta.