Kupima Hasara ya Kuzimika kwa Mifumo: Mwongozo kwa Wenye Maghala ya Nafaka Kibaigwa

Mfumo wa kompyuta unapozimika, wengi huuliza kwanza ni mashine gani iliyoharibika. Kwa anayepima athari kwa biashara, swali la kwanza ni lingine: ni kazi gani iliyosimama, nani anasubiri, na atasubiri kwa muda gani kabla hajaondoka. Kwa sababu hiyo, usiwaachie mafundi peke yao tathmini hii. Kaa siku nzima na karani wa mizani, keshia na mhasibu, ukiandika kila hatua inayotegemea kompyuta, umeme, simu au intaneti, na kila hatua inayoweza kuendelea kwa daftari na stakabadhi za mkono.

Kisha pima hasara, na hapa usifanye haraka. Tuchukulie kwamba ghala la Kibaigwa hupokea malori 6 kwa saa wakati wa mavuno, na kila lori huacha faida ya shilingi 150,000. Ni rahisi kuandika kwamba kila saa ya kuzimika inagharimu shilingi 900,000, lakini hesabu hiyo inapotosha. Katika saa ya kwanza huenda madereva 5 wakasubiri na mmoja tu akapeleka mzigo ghala la jirani, hivyo faida iliyopotea ni shilingi 150,000. Kufikia saa ya nne, dereva anayetaka kurudi Kongwa au Mpwapwa kabla ya giza hasubiri tena, na hasara inapanda ghafla, bado hujaongeza malipo ya saa za ziada na wakulima waliolipwa mara mbili kwa sababu kumbukumbu zilichanganyikana. Kadiria, basi, hasara ya saa ya kwanza, ya saa ya nne, ya siku nzima na ya siku 3, na ufanye hivyo kwa msimu wa mavuno na tena kwa miezi ambayo mizani haina kazi nyingi.

Hesabu hiyo itakupa kikomo cha kwanza, yaani muda ambao kila kazi inaweza kusimama. Kikomo cha pili ni kiasi cha kumbukumbu unachoweza kupoteza. Ikiwa nakala rudufu, yaani nakala ya akiba ya kumbukumbu, huchukuliwa saa 2 usiku na seva (kompyuta kuu inayozihifadhi) ikaungua kesho yake saa 10 jioni, kumbukumbu za saa 20 zimepotea. Mwulize mhasibu kama anaweza kuziandika upya kutoka kwenye stakabadhi. Akisema hawezi, nakala moja kwa siku haitoshi.

Chunguza pia mambo yaliyo nje ya uwezo wako. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom ilivuruga intaneti nchini Tanzania, na ofisi iliyoko Dodoma, mbali kabisa na bahari, ilikwama pamoja na ya Dar es Salaam. Kulipia kampuni 2 za intaneti hakukupi njia 2 ikiwa zote zinapitisha mawasiliano kwenye mkongo (waya mkuu wa mawasiliano) uleule, kwa hiyo ziulize kwa maandishi zinapita wapi.

Baada ya hapo, chagua kinga kulingana na hasara uliyoikadiria: betri kwa mizani na kompyuta ya keshia, jenereta ikihitajika, na nakala moja ya kumbukumbu ihifadhiwe nje ya ghala, kwa kuwa moto unaochoma seva utachoma pia diski iliyo kando yake.

Mwishowe fanya jaribio. Kabla ya mavuno, rejesha nakala kwenye kompyuta nyingine, pima muda uliotumika, kisha mhasibu alinganishe salio la wakulima kadhaa na stakabadhi zao. Ikiwa urejeshaji umechukua saa 9 wakati kikomo chako ni saa 4, andika pengo hilo, gharama ya kuliziba, jina la mhusika na tarehe ya jaribio la pili, kisha mwenye ghala atie saini.