Kukusanya Vikokotoo vya Programu vya Kisovieti Ukiwa Mbeya au Iringa

Anayetaka kuanza kukusanya vikokotoo vya programu, yaani vile unavyoviingizia orodha ya hatua navyo vikazifuata vyenyewe, vilivyotengenezwa Umoja wa Kisovieti namshauri aanze na Elektronika MK-61. Kilitoka mwaka 1983, kikauzwa kwao kwa rubli 85, na kina nafasi ya programu ya hatua 105 pamoja na vyumba 15 vya kumbukumbu. Kilichokitangulia, B3-34 cha mwaka 1980, kina hatua 98 na vyumba 14. MK-52 kina uwezo uleule wa MK-61, ila chenyewe kinaweza kuhifadhi programu hata kikizimwa, na mwaka 1988 kilisafiri angani ndani ya Soyuz TM-7 kama akiba ya kompyuta ya chombo. Hicho kiache hadi mkono wako uzoee.

Kabla ya kuagiza kutoka nje, ulizia kwanza huku kwetu. Watanzania wengi walisomeshwa katika vyuo vya Kisovieti, na wapo wastaafu waliorudi na vifaa vyao vya masomo. Mwendee mzee kwa heshima, umpe shikamoo yake, umsikilize, kisha ndipo uulize. Mzee mmoja wa Uyole, mhandisi wa barabara, alinitolea MK-61 pamoja na daftari ambalo kila ukurasa una namba za hatua pembeni, kuanzia 00, na mbele ya kila namba kitufe cha kubonyeza kimeandikwa kwa penseli nyekundu. Kwangu daftari lile lina thamani kuliko kikokotoo chenyewe, kwa sababu MK-61 husahau programu yote mara kinapozimwa, na kazi ya mtu hubaki kwenye karatasi tu. Kwa hiyo kila unaponunua, omba pia kijitabu cha maelekezo, risiti na karatasi yoyote yenye mwandiko.

Usilipe kabla ya kufungua sehemu ya betri. Nililipa haraka Mwanjelwa kwa sababu kasha liling'aa, na nilipofika nyumbani nikakuta springi zimeliwa na betri zilizovuja miaka mingi iliyopita. Unga mweupe au wa kijani ukiwa kidogo, pamba yenye spiriti huutoa. Ukiwa umepenya hadi kwenye waya na bodi, mwachie muuzaji mali yake.

Nenda na betri zako tatu za ukubwa wa AA, kwa maana adapta za zamani si za kuaminiwa mpaka fundi azipime volti. Ukiwasha, tarakimu za kijani zitokee zikiwa kamili na zenye mwanga sawa. Usitafute alama ya sawasawa, kwa kuwa haipo: namba hutangulia na kitendo hufuata. Bonyeza 2, kisha В↑ (kitufe cha kuingiza namba), kisha 3, kisha alama ya kujumlisha, nawe upate 5. Gawanya 1 kwa 0 na kioo kitaandika ЕГГОГ, ambalo ndilo neno la Kiingereza Error, yaani kosa, jinsi tarakimu zile zinavyoweza kulichora. Nimewaona wauzaji wakidhani kifaa kimekufa, nacho ni kizima kabisa. Kisha jaribu programu fupi: F na ПРГ (kuanza kuandika programu), F na x², С/П (kusimama au kuendesha), F na АВТ (kurudi kwenye hesabu za kawaida), halafu В/О (kurudi hatua ya 00). Andika 5, bonyeza С/П, usubiri kidogo, kwa maana si mashine ya haraka. Ikitoka 25, kumbukumbu na vitufe hivyo ni vizima; vilivyobaki vibonyeze kimoja kimoja, ukiangalia kisiwepo kinachorudia namba mara mbili.

Kuhifadhi kwa hali ya hewa yetu kunataka uangalifu, hasa kwa walio Tukuyu, ambako mvua na unyevu havikauki upesi. Toa betri kila umalizapo kutumia, weka kikokotoo ndani ya kopo lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na madaftari yakae kwenye bahasha za plastiki, mbali na ukuta. Kila mwezi kitoe, kiwashe, ukiingizie programu moja ya daftarini hatua kwa hatua, na uandike tarehe pembeni.